Mkono Uko Nyutro, Motere Inakwenda

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya komite ya mashua mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Mlituomba tueleze kwa nini mashua ya chama ililala siku 64 chini ya mwembe, imefunikwa turubai, wakati watu wanavuka kwenda Ubwari kwa kupiga kasia. Mlituuliza pia feza za matengenezo zilikwenda wapi. Tutajibu yote mawili. Hatutawasomea namba peke yake, sababu namba bila maelezo hazitamsaidia mtu siku ile motere itakapomkatalia katikati ya ziwa. Tutaeleza kasoro ilikuwa wapi, sisi tuliitafuta wapi, na jinsi ya kuitafuta vizuri. Mwenye mashua yake au mtumbwi wa motere, achukue hata yeye.

Tuanze na ile siku.

Ilikuwa jioni ya soko. Mashua inarudi kutoka ng'ambo, imebeba abiria, magunia ya unga wa muhogo na ndagala. Watu wamesimama majini mpaka magotini, kama kawaida yetu, wanasubiri kupokea mizigo. Nahodha akapunguza mafuta, akarudisha mkono katikati, pale tunaposema nyutro. Mkono ulikwenda sawa kabisa. Lakini mashua haikusimama. Motere ilikuwa bado iko kwenye gia ya mbele, inasukuma. Nahodha akavuta mkono nyuma ili ajizuie, na mashua ikaendelea kwenda mbele. Ikapanda juu ya mtumbwi wa jirani yetu mmoja, ikaupasua ubavu. Mtoto aliyekuwa ameshika kamba alivutwa shati na mama yake, akaanguka upande mwingine. Nahodha akang'oa ile kamba nyekundu ya usalama, motere ikazima.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyekatwa na elisi. Tunalisema hilo kwanza, na tunamshukuru Mungu. Lakini aliyesimama pale anajua ilibaki nafasi ya mkono mmoja tu.

Sasa sikieni tulichofanya sisi komite, sababu hapo ndipo kosa letu lilipo.

Jambo la kwanza, tulimlaumu mtu. Jioni ileile tulisema nahodha amekunywa. Wengine walisema amechoka, wengine walisema si mtu wa maji, alikulia kambini. Tulimsimamisha kazi mbele ya watu.

Jambo la pili, tulinunua kifaa kabla ya kujua kilichoharibika. Fundi aliyeitwa alisikiliza hadithi, akatikisa kichwa, akasema, "Meno ya gia yamekwisha." Tulimwamini. Alifungua mguu wa motere, akatoa meno ya zamani, akaweka mapya. Vipuri na kazi vilikula dola 410. Mashua ikarudi majini, ikatembea vizuri siku mbili. Siku ya tatu ikafanya vilevile. Kwa bahati, safari hii ilikuwa mbali na watu.

Jambo la tatu, tulikata tamaa. Tuliandika barua kwa wafadhili kuomba motere mpya, tukafunika mashua, tukakaa kungoja. Katika siku zile za kungoja, mama mmoja mjamzito aliletwa kutoka Ubwari kwa kasia usiku mzima, na mtoto akazaliwa ndani ya mtumbwi kabla ya kufika. Mama na mtoto wako hai. Lakini ile ndiyo kazi mashua ilinunuliwa kuifanya, na siku ile haikuifanya.

Aliyetutoa gizani si fundi wa motere. Ni mwanachama wetu, mzee aliyekuwa anatengeneza baiskeli kule Lugufu miaka yote ya ukimbizi. Alikaa nyuma ya mkutano mmoja mdogo, akainua mkono, akauliza swali moja: "Kuna mtu ameshafungua waya kutoka kwenye motere, akaingiza gia kwa mkono?"

Tukatazamana. Hakuna.

Akasema, "Baiskeli ikikataa breki, mimi sinunui gurudumu. Nafungua waya. Ninaangalia breki peke yake, na waya peke yake. Hapo inajulikana nani ananidanganya."

Kesho yake tulikwenda pale mwembeni na spana mbili na koleo. Tulitumia muda mfupi kuliko muda wa kupika ugali. Tulipofungua waya wa gia upande wa motere, tukasogeza mkono wa gia wa motere yenyewe kwa kidole: mbele, katikati, nyuma. Laini kabisa, kila gia inaingia. Kiisha tukarudi kwenye boksi la nahodha, tukasogeza mkono wa pale. Ulisogea, lakini ncha ya waya kule nyuma ilicheza kidogo tu, kama mtu asiyetaka kuamka. Tukafuata waya kwa vidole, kutoka boksini, chini ya benchi, mpaka nyuma. Chini ya benchi, pale tulipozoea kurundika magunia, ganda lake lilikuwa limepasuka, na kutu imetoka nje kama unga mwekundu.

Kumbe ni waya. Nyaya mbili mpya, kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, pamoja na usafiri: dola 95.

Kisha yule mzee akaomba aone meno ya zamani ambayo fundi aliyatoa. Yalikuwa bado kwenye beseni nyumbani kwa mwekahazina. Kona zake zilikuwa bado kali. Yalikuwa mazima.

Ili jambo hili lisirudi, ni vizuri wote tuelewe mfumo unavyofanya kazi. Si mgumu.

Mashua yetu haina mkono wa kushika kwenye motere yenyewe kama mitumbwi mingi ya hapa. Nahodha anakaa mbele kwenye usukani, na pembeni yake kuna boksi lenye mkono mmoja. Mkono huo mmoja unafanya kazi mbili. Ukiusukuma mbele kidogo, unaingiza gia. Ukiendelea kuusukuma, gia imeshaingia, sasa unafungua mafuta. Ukirudi nyuma ni vivyo hivyo: kwanza gia ya nyuma, halafu mafuta. Kutoka boksini zinatoka nyaya mbili mpaka kwenye motere: waya wa gia na waya wa mafuta. Kila mmoja una chuma ndani kinachosukuma na kuvuta, na ganda la nje linaloshika chuma hicho kisipinde.

Hilo ganda ndilo watu wanalisahau. Likiwa zima, mwendo wa mkono wote unafika kwenye motere. Likipasuka, chuma kinapinda ndani yake na kutu inakikaba. Hapo mkono wa nahodha unasogea, lakini mwendo unapotelea njiani. Nahodha anaona nyutro, motere haijasikia habari. Ndiyo vile ilivyotokea ile jioni. Nahodha wetu alifanya kila kitu sawa. Mkono ulimdanganya.

Na dalili ilikuwepo. Wiki mbili kabla, asubuhi, motere iliwashwa mkono ukiwa katikati, na mashua ikajisogeza mbele yenyewe. Tulicheka, tukasema ina haraka ya kwenda kazini. Swichi inayozuia motere isiwake ikiwa kwenye gia, kwetu sisi iko ndani ya boksi la mkono. Yenyewe inatazama mkono, haitazami gia. Mkono ukiwa katikati inaruhusu, hata kama huko nyuma gia imeshikwa. Mashua ikijisogeza wakati wa kuwasha, hiyo si jambo la kucheka. Zima, usibebe mtu.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Haya ndiyo tunayoomba kila nahodha na kila fundi wetu ayafuate, kwa mpangilio huu.

Kabla ya kugusa chochote, zima motere, ng'oa kamba ya usalama, na uondoe vifuniko vya buji, zile ambazo Tanzania tuliziita plagi. Utakuwa unazungusha elisi kwa mkono. Motere ikishtuka ikawaka, vidole havirudi.

Hatua ya kwanza, tenganisha. Fungua pini ya waya wa gia upande wa motere, uuondoe. Sasa una vitu viwili vilivyoachana: motere peke yake nyuma, boksi na waya mbele.

Hatua ya pili, ulize motere. Mmoja asogeze mkono mdogo wa gia kwenye motere, mwingine azungushe elisi taratibu. Nyutro: elisi inazunguka huru pande zote mbili. Gia ya mbele: upande mmoja inakaza, upande mwingine inapiga tik-tik-tik. Gia ya nyuma: inashika. Gia ikikataa kuingia, usitumie nguvu. Motere ikiwa imezimwa, meno yanaweza kukutana kichwa kwa kichwa. Zungusha elisi kidogo, jaribu tena. Kama zote zinaingia laini, motere haina kesi. Iache.

Hatua ya tatu, ulize waya na boksi. Sogeza mkono wa nahodha huku mwenzako anatazama ncha ya waya kule nyuma. Ncha itembee kila mkono unapotembea, bila kuchelewa. Kama mkono ni mgumu au ncha inachelewa, fungua waya na upande wa boksi. Shika ncha ya waya, sukuma na vuta. Waya ukiwa mgumu, ubaya ni wa waya. Waya ukiwa laini na mkono bado mgumu, fungua boksi, tafuta grisi iliyoganda, mchanga, au gurudumu la meno lililovunjika.

Hatua ya nne, fanya vilevile na waya wa mafuta.

Waya ulioingia kutu hautibiwi. Tulijaribu kumimina oili, tukapata siku moja. Ndiyo maana baada ya fundi kuchezesha nyaya wakati wa kazi yake tulipata zile siku mbili nzuri, tukadhani ni meno mapya. Waya ukishakuwa mgumu, badilisha. Na kama ziliwekwa siku moja, badilisha zote mbili, sababu zimekula jua na maji sawasawa.

Kununua waya, usikisie urefu. Pima kwa kamba njia yote, kutoka boksini mpaka motere, pamoja na kona, na uache ziada ya kutosha motere igeuke kushoto na kulia mpaka mwisho na kuinuliwa juu. Waya mfupi utajivuta wenyewe ukikata kona. Ukisikia mlio wa motere unabadilika kila unapogeuza usukani, angalia hapo kwanza. Na kona za waya ziwe pana: kama duara la sentimita 40, karibu upana wa sinia ya chakula cha familia. Ukiukunja kuliko hapo, unaanza kuua waya siku ileile.

Kuufunga nako kuna adabu yake. Weka mkono wa nahodha nyutro. Weka gia ya motere nyutro, uhakikishe kwa elisi. Sasa zungusha kichwa cha waya mpaka tundu lake likae juu ya kipini bila kuvuta wala kusukuma. Kama unalazimisha, bado hujapima vizuri. Kichwa hicho kiwe kimeingia kwenye uzi wa waya si chini ya milimita 8, la sivyo kinaweza kuchomoka ukiwa ziwani. Kaza nati yake, rudisha pini. Halafu jaribu mara kumi kabla mashua haijagusa maji.

Tuseme pia kasoro nyingine zinazofanana na hii, ili msije mkanunua waya kwa ugonjwa wa kitu kingine. Kosa letu lisigeuke tu likavaa nguo nyingine.

Motere inalia kwa nguvu, mashua haiendi. Wengi husema gia imekufa. Angalia elisi kwanza. Elisi nyingi zina mpira katikati, kati ya chuma cha ndani na mabawa. Mpira ukichoka, chuma cha ndani kinazunguka, mabawa yanabaki. Piga mstari mmoja wa rangi kutoka chuma cha katikati mpaka kwenye bawa. Nenda majini, fungua mafuta, rudi uangalie. Mistari ikiachana, ni elisi. Gia haina kosa.

Gia inaingia kwa kishindo au inasaga krrr. Mara nyingi motere inazunguka kasi mno ikiwa nyutro, au nahodha anabembeleza mkono. Gia haibembelezwi. Punguza mafuta mpaka chini, ngoja motere itulie, kisha ingiza mara moja kwa uhakika. Ukiingiza polepole, meno yanagusana na kuachana, yanasagana kona. Hapo haraka kidogo ina baraka, hata kama wazee wetu walisema vingine.

Mafuta hayashuki ukirudisha mkono. Hii ni hatari sawa na ile yetu. Toa kifuniko cha motere ikiwa imezimwa, mwenzako arudishe mkono, wewe tazama kama mkono mdogo wa kabureta unarudi mpaka mwisho wake. Usiporudi, fungua waya wa mafuta. Ukirudi baada ya kufungua, ni waya. Usiporudi bado, ni springi au uchafu pale pale kwenye motere.

Mkono unarudi wenyewe njiani, safari inakuwa ya kupungua nguvu. Maboksi mengi yana skrubu ya kukaza mkono usitikiswe na motere. Ikaze kidogo. Kidogo, tumesema. Ukiikaza mno, siku ya hatari nahodha hataweza kurudisha mkono haraka.

Motere haifiki nguvu yake yote. Fanya kama hapo juu: motere imezimwa, mkono mbele mpaka mwisho, tazama kabureta. Kama imefunguka mpaka kituo chake, acha nyaya kabisa, hazina kosa. Angalia tundu la hewa la tangi, maji ndani ya esanse, na ule mpira wa kupampu. Sisi tunaonunua esanse ya bidoni tunajua vile maji yanavyoingia.

Motere haiwaki kabisa, hata mlio hakuna. Kabla ya kulaumu betri, tazama kama kamba ya usalama imeingia vizuri, kisha chezesha mkono hapo katikati. Kama mkono haukai katikati kamili, ile swichi inakataa.

Ndugu zetu, kuna swali mliuliza: mkiwa katikati ya ziwa na waya ukakatika, mnafanya nini?

Tanganyika si mto. Sehemu zake za ndani kabisa zina kina cha mita zaidi ya 1,400, na upande wa Ubwari ukiacha ufuko kidogo tu, nanga haigusi chini. Huwezi kusema utatia nanga ungoje. Upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi ukikukuta umesimama, unakupeleka unakotaka wenyewe.

Basi, kwanza zima motere, abiria wakae chini wavae majaketi. Ondoa kifuniko, fungua waya wa gia. Hakikisha motere iko nyutro kwa mkono. Iwashe, iache chini kabisa. Mtu mmoja tu akae nyuma aingize gia ya mbele kwa mkono mdogo pale kwenye motere, nahodha abaki kwenye usukani. Anayekaa nyuma asiwe na kitenge kinachoning'inia, wala shati la mikono mirefu, wala kamba shingoni, sababu lile gurudumu la juu linazunguka wazi na halina huruma. Nendeni polepole. Mbali na ufuko zimeni, mmalizie kwa kasia. Kwa ajili hiyo tangu sasa mashua haitoki bila makasia mawili, spana ya kumi, koleo, na pini za akiba ndani ya kopo lenye mfuniko.

Haya ndiyo tuliyoamua katika komite, na tunaomba mkutano uyapitishe.

Moja. Kila asubuhi kabla ya abiria, nahodha na msaidizi wanafanya jaribio la elisi, motere imezimwa. Wanaandika kwenye daftari: mbele, katikati, nyuma, na sahihi.

Mbili. Kabla ya kufika ufukoni, mita 100 nje, nahodha anaweka nyutro na kutazama maji ya nyuma. Yakitulia, anaingiza gia ya nyuma kidogo. Ikishika, anakuja. Isiposhika, anazima hukohuko na kuita kasia.

Tatu. Motere inazimwa kabla mtu hajashuka au kupanda, na kabla mtu hajasogea majini kupokea mzigo. Nyutro si kuzima. Tunaomba wamama wa soko mtusaidie hapa: mkisikia motere inalia, msiingie majini, hata nahodha akiwaita.

Nne. Hakuna gunia chini ya benchi la nyaya. Tumepigilia ubao.

Tano. Hakuna kununua kipuri cha zaidi ya dola 50 kabla watu wawili hawajafanya jaribio la kutenganisha na kuandika walichokiona. Fundi wetu hatumtukani. Alikosea kama sisi tulivyokosea, na sisi ndio tuliolipa bila kuuliza. Ameshakubali kufundisha vijana wawili pamoja na yule mzee wa baiskeli.

Hesabu ni hii. Meno ya gia na kazi, dola 410. Mtumbwi wa jirani, dola 120, umeshatengenezwa na yuko ziwani. Nyaya mbili, dola 95. Jumla dola 625. Katika hizo, dola 410 hazikuhitajika. Meno ya zamani yamesafishwa, yamepakwa grisi, yamewekwa stoo kama akiba, lakini hatutajificha nyuma ya neno akiba. Ni feza tuliyoitumia vibaya.

Kwa wafadhili wetu: ile barua ya kuomba motere mpya tumeiondoa. Motere tuliyo nayo ni nzima. Kama moyo wenu bado uko nasi, tunaomba seti moja ya nyaya za akiba, oili ya gia, na majaketi ya watoto, sababu tuliyo nayo ni ya watu wazima tu. Ni vitu vidogo. Lakini ndivyo vilivyotukosa.

La mwisho ni la nahodha. Tulimsimamisha mbele ya watu, basi tunamrudisha mbele ya watu. Ndugu, hukuwa umekunywa. Ulirudisha mkono kwa wakati, na mkono uliposhindwa ulikumbuka kamba nyekundu. Mtoto yule anakwenda shule kwa sababu ulikumbuka. Siku zako 64 za bila kazi, komite inapendekeza zilipwe kutoka mfuko wa kusaidiana, na tunaomba mkutano uamue leo, kabla hatujatawanyika. Yeye ameshatuambia sharti lake la kurudi ni moja: asubuhi ya kwanza, jaribio la elisi alifanye yeye mwenyewe, na sisi komite wote tuwe tumesimama pale tunatazama.

Tumekubali. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tuko ufukoni.